Mbu mmoja, maswali mawili: jinsi maabara inavyopima kimeng'enya na jeni

Mtu wa Kenya akisikia jina Kisumu hufikiria ziwa, samaki wa Dunga na joto la saa nane mchana. Katika maabara zinazochunguza viuadudu, jina hilo lina maana nyingine: Kisumu ni ukoo wa mbu, aina ya Anopheles gambiae, ambao wahenga wao walikusanywa huku kwetu miongo mingi iliyopita, wakawekwa vizimbani, na uzao wao unaendelea kufugwa hadi leo Liverpool na kwingineko. Mbu hao hulelewa bila kuguswa na dawa yoyote, na wakionjeshwa kiasi kidogo tu hufa karibu wote. Udhaifu huo ndio thamani yao. Mtafiti anayetaka kujua kama mbu wa sasa wa Ahero, Bondo au Busia amekuwa sugu humpima sambamba na ndugu yake huyu wa ughaibuni, kwa sababu tarakimu ya maabara ikisimama peke yake haina la kusema.

Kipimo cha kwanza cha usugu hakihitaji kemia nyingi. Mbu wa kike ambao hawajafyonza damu huingizwa kwenye mrija wa plastiki uliozungushiwa ndani karatasi yenye dawa ya kuua mbu, permethrini ya asilimia 0.75 au deltamethrini ya asilimia 0.05. Hukaa humo kwa dakika 60, kisha huhamishiwa kwenye mrija safi wenye pamba iliyoloa maji ya sukari, na baada ya saa 24 waliokufa huhesabiwa. Kwa kigezo cha Shirika la Afya Duniani, wakifa asilimia 98 au zaidi dawa bado inawaweza. Wakifa chini ya asilimia 90, usugu umethibitika. Ni kipimo cha kuaminika, ila kinaishia njiani: kinaeleza kwamba mbu amesalimika, hakielezi amesalimika kwa nini. Na hiyo sababu ndiyo inayopaswa kuamua ni neti ya namna gani ipelekwe kijijini.

Sababu kubwa ni mbili. Piretroidi, yaani jamii ya dawa zinazotiwa kwenye neti, huua kwa kushika milango ya sodiamu iliyo kwenye neva za mbu. Kwa kawaida mlango huo hufunguka na kufungika kwa muda mfupi mno. Dawa huukwamisha ukiwa wazi, neva ikapiga mfululizo bila kutulia, na mbu akaanguka. Mbu anaweza kujiokoa kwa kuwa na mlango wa umbo tofauti kidogo, ambao dawa haiushiki vizuri. Anaweza pia kuuacha mlango ulivyo, lakini akawa na vimeng'enya vingi vya kuivunjavunja dawa kabla haijafika kwenye neva. Wa kwanza ni kama mwenye nyumba aliyebadilisha kitasa. Wa pili ni kama jirani yake aliyeajiri walinzi. Kuna na wengine ambao ngozi yao imekuwa nene na dawa hupenya polepole, lakini hao tuwaache.

Kitasa kimeandikwa kwenye DNA, kwa hiyo hukaguliwa kwa vipimo vya asidi nukleiki, yaani vya DNA na ndugu zake. Walinzi ni protini zinazofanya kazi, kwa hiyo hukaguliwa kwa kupima kazi yenyewe. Watu wengi, hata waliosomea sayansi, huvichanganya vipimo hivi viwili wakidhani kimoja ni toleo jipya la kingine. Sivyo. Kipimo cha jeni huuliza ni nini kilichopo, na kipimo cha kimeng'enya huuliza ni nini kinachotendeka. Mbu mmoja anaweza kujibu ndiyo kwa swali moja na la kwa lingine.

Tuanze na kimeng'enya. Neno lenyewe linatokana na kumeng'enya, yaani kuvunja kitu kiwe vipande vidogo, na ingawa vimeng'enya vingine huunganisha badala ya kuvunja, jina limeshakubalika. Ni protini inayoharakisha badiliko fulani la kikemia bila yenyewe kumalizika. Kile inachokifanyia kazi nitakiita kimeng'enywa. Mwaka 1897 Eduard Buchner alionyesha kwamba maji yaliyokamuliwa kutoka kwenye hamira, bila chembe hai hata moja, bado yaliweza kuchachusha sukari. Tangu hapo ikawa wazi kwamba kazi hiyo inaweza kuchunguzwa ndani ya mrija, nje ya kiumbe. Vipimo vyote nitakavyovieleza vinategemea jambo hilo. Hatumwoni mlinzi mwenyewe. Tunahesabu kazi aliyoifanya kwa dakika.

Ugumu unaanzia kwenye neno dakika. Mfikirie mwenye mashine ya kusaga mahindi pale sokoni Luanda. Asubuhi akiletewa gorogoro mbili, mashine inanguruma kidogo na kunyamaza. Akiletewa kumi, unga unaotoka unaongezeka. Lakini foleni ikishafika nje ya mlango, hata waje wateja hamsini zaidi, unga unaotoka kwa dakika ni uleule, kwa kuwa mashine imefika ukomo wake. Leonor Michaelis na Maud Menten waliuweka mwenendo huu katika hesabu mwaka 1913, wakitumia kimeng'enya kinachovunja sukari ya kawaida. Kila kimeng'enya kina kasi yake ya juu kabisa, na kina kiwango cha kimeng'enywa ambacho kikifikiwa kasi huwa nusu ya hiyo ya juu. Kiwango hicho kikiwa kidogo, maana yake kimeng'enya hukipenda kimeng'enywa chake na hukikamata hata kikiwa haba.

Kutokana na mashine ya Luanda zinapatikana kanuni mbili ambazo mpimaji akizisahau ametupa kazi yake. Tukitaka kujua mji una mashine ngapi kwa kupima unga tu, lazima kila mashine iwe na foleni ndefu, la sivyo tutakuwa tunapima idadi ya wateja. Ndiyo maana kimeng'enywa humiminwa kwa wingi. Pili, lazima unga upimwe mapema kabla mahindi hayajapungua, maana foleni ikiisha mashine kumi na mashine mbili zitakuwa zimetoa unga sawa. Mchoro wa matokeo huanza kama mstari ulionyooka, kisha hujipinda na kulala. Ni ule mwanzo ulionyooka pekee unaotumika. Nimeona watu wakisoma kipimo mara moja tu baada ya nusu saa na kutangaza kwamba mbu wote wako sawa, kumbe wamefika wakati mahindi yamekwisha.

Sasa kwa vitendo. Mbu mmoja huwekwa kwenye kisima cha sahani ya plastiki yenye visima 96, sahani ikiwa imelazwa juu ya barafu. Huongezewa matone machache ya bafa, yaani maji yenye chumvi zinazoshikilia kiwango cha uasidi kisiyumbe, kisha hupondwa kwa kijiti hadi zisalie mbawa tu zinazoelea. Barafu si mapambo. Ndani ya mbu aliyepondwa vimeng'enya vya kumeng'enya chakula vimetoka tumboni na vimekutana na vile tunavyotaka kuvipima, na bila baridi vitaanza kuvila. Kwa sababu hiyohiyo mbu wa kipimo hiki sharti waletwe wakiwa hai, au wahifadhiwe kwenye jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri. Stima ikipotea usiku kucha na jenereta isiwake, asubuhi mbu bado wapo, wana miguu na mbawa zote, lakini walinzi wamekufa. Jeni zao hazikudhurika. Hapo tayari tofauti ya maswali yetu mawili imejionyesha bila kutafutwa.

Ujanja wa vipimo vya vimeng'enya ni kuchagua kimeng'enywa ambacho kikibadilishwa hubadili rangi, au hubadili kiasi cha mwanga kinachofyonzwa. Mashine iitwayo spektrofotomita hupitisha mwanga wa urefu mmoja wa mawimbi ndani ya kisima na kueleza ni kiasi gani kimemezwa njiani. Kwa walinzi wa jamii ya esterasi, mbu hupewa kemikali ya asetati ya nafthili. Esterasi huikata, na kipande kinachobaki kikikutana na rangi maalumu kisima huwa cha zambarau au cha kahawia. Kwa jamii ya glutathioni transferasi, ambayo huwa nyingi katika baadhi ya mbu walio sugu kwa DDT, hutumika kemikali inayojulikana kwa herufi CDNB. Ikiunganishwa na glutathioni, zao lake hufyonza mwanga wa nanomita 340, ambao jicho halioni, kwa hiyo kisima hubaki kama maji huku tarakimu za mashine zikipanda.

Hesabu yake inastahili kufuatwa hadi mwisho, kwa sababu hapa ndipo tarakimu tupu inapogeuka kuwa kipimo. Zao hilo likiwa na ukolezi wa milimola 1 kwa lita, na mwanga ukipita sentimita 1 ya maji, ufyonzaji ni 9.6. Lakini kisima cha sahani chenye mikrolita 200 hakina kina cha sentimita nzima. Ni kama sentimita 0.6, hivyo kigezo hushuka hadi 5.76. Tuchukue mfano kwamba ufyonzaji unapanda kwa 0.0576 kila dakika. Ukigawanya kwa 5.76 unapata milimola 0.01 kwa lita kwa dakika, na ndani ya mikrolita 200 hizo ni nanomola 2. Bado hatujamaliza, kwa kuwa mbu hawalingani ukubwa. Mbu aliyekulia kwenye dimbwi lenye chakula tele huko Ahero ana mwili mkubwa kuliko yule aliyekulia kwenye maji ya kwato za ng'ombe, na mwili mkubwa una kila kitu kwa wingi. Kwa hiyo sehemu ya uji wa mbu yuleyule hutiwa rangi ya buluu inayoshikamana na protini, kwa mbinu iliyobuniwa na Marion Bradford mwaka 1976, nayo husomwa kwenye nanomita 595. Kama kisima chetu kilikuwa na miligramu 0.01 za protini, jibu ni nanomola 200 kwa dakika kwa kila miligramu. Tarakimu hiyo ndiyo inayoweza kuwekwa kando ya ile ya mbu wa ukoo wa Kisumu waliopimwa kwenye sahani ileile, saa ileile.

Nasisitiza saa ileile kwa sababu ya hali yetu ya hewa. Kasi ya vimeng'enya vingi huongezeka takriban maradufu joto linapopanda nyuzi 10, hadi pale protini inapoanza kuharibika. Sahani iliyosomwa saa mbili asubuhi na nyingine iliyosomwa saa tisa alasiri, katika chumba ambacho feni imezima, zinaweza kuonyesha tofauti ambayo haina uhusiano wowote na usugu.

Jamii ya walinzi inayotajwa zaidi katika Kenya ya magharibi ni ya P450, na kwa bahati mbaya ndiyo yenye kipimo chepesi kinachopotosha upesi. Badala ya kupima kazi yake halisi, ambayo ni ndogo mno kwa mbu mmoja, maabara nyingi hupima hemu, yaani kile kiini chenye chuma kilichomo ndani ya P450. Kemikali iitwayo tetramethilibenzidini pamoja na peroksidi ya hidrojeni hugeuka buluu mbele ya hemu, na buluu hiyo husomwa karibu na nanomita 650. Nikiwa mwanafunzi wa mazoezi katika maabara moja upande huu wa nchi, nilipewa mbu wapatao arobaini waliokusanywa majumbani alfajiri. Nilifuata maelezo neno kwa neno. Sahani yangu iligeuka buluu ya kukolea, nusu ya visima vikawa vyeusi hasa, nami nikakimbilia kwa fundi mkuu nikiamini nimegundua usugu ambao haujawahi kuonekana. Aliitazama sahani kwa muda mfupi tu.

"Hawa mbu, kijana wangu, walilala wapi?"

Nikajibu, "Kwenye nyumba za watu, mwalimu."

"Basi walikula."

Damu ya binadamu imejaa hemu. Nilikuwa nimepima chakula cha jioni cha mbu, si walinzi wake. Tangu siku hiyo, hata kabla ya kusoma tarakimu yoyote ya kipimo hiki, huuliza kwanza kama mbu walikuwa wazawa wa maabara, wenye umri mmoja, ambao hawajaonja damu. Kuna na upungufu mwingine, ambao hauponywi na uangalifu: kiasi cha hemu hakielezi ni P450 ipi iliyopo, na mbu ana jeni zaidi ya mia moja za jamii hiyo, nyingi zikiwa hazina habari na dawa kabisa. Vivyo hivyo, asetati ya nafthili na CDNB si dawa za mbu. Kimeng'enya kinachozishambulia kwa nguvu si lazima kiishambulie deltamethrini.

Kipo kipimo kimoja ambacho huenda kinyume na hivi vyote, nami hukipenda kuliko vingine. Katika dawa za jamii ya organofosfati, kama vile pirimifosi-methili iliyopuliziwa kwenye kuta za nyumba huko Migori na Homa Bay, kimeng'enya si mlinzi, ndicho kinacholengwa. Ni asetilikolinesterasi, inayofagia ujumbe wa neva baada ya kufika. Mbinu iliyotolewa na George Ellman mwaka 1961 hukipa kimeng'enya hiki kimeng'enywa chenye salfa, na salfa inapoachiliwa hutoa rangi ya manjano inayosomwa kwenye nanomita 412. Mpimaji huandaa visima viwili vya mbu mmoja, kimoja kikiwa na kizuizi, yaani kemikali inayozima kimeng'enya, na kingine hakina. Kwa mbu dhaifu, kisima chenye kizuizi hubaki bila rangi. Kwa mbu ambaye kimeng'enya chake kimegeuka umbo, manjano huendelea kupanda kana kwamba hakuna kilichoongezwa. Hapa hatuulizi kimeng'enya ni kingi kiasi gani, bali kinatii au hakitii. Na kwa kuwa utovu huo wa utii kwa kawaida hutokana na badiliko la asidi amino moja, yaani kijenzi kimoja cha protini, kutoka glisini kuwa serini, jibu lilelile linaweza kutafutwa kwenye DNA. Ni mahali pachache ambapo vipimo viwili hukutana namna hiyo.

Na sasa DNA yenyewe. Kwa swali la jeni, mguu mmoja wa mbu unatosha. Wakusanyaji wa mashinani humweka mbu mkavu ndani ya kijichupa chenye chembe za silika, zile ambazo hugeuka kutoka buluu kuwa waridi zinapopata unyevu, na kijichupa hicho kinaweza kusafiri kwa matatu kutoka Port Victoria hadi Kisumu bila barafu wala wasiwasi. DNA ni mstahimilivu. Huharibika hasa pale inapokutana na vimeng'enya vinavyoikata, na hivyo havifanyi kazi pakavu. RNA, yaani nakala ya muda ya jeni inayobeba maagizo ya kutengeneza protini, ni jambo jingine: vimeng'enya vinavyoiharibu viko hata kwenye vidole vyetu, kwa hiyo anayeishika huvaa glavu na kufanya haraka.

Baada ya mguu kupondwa na DNA kusafishwa, kiasi chake hupimwa kwa mwanga wa nanomita 260. Ufyonzaji wa 1 humaanisha mikrogramu 50 za DNA ya nyuzi mbili katika kila mililita, au mikrogramu 40 ikiwa ni RNA. Mashine hiyohiyo husoma pia nanomita 280, ambako protini hufyonza zaidi, na uwiano wa masomo hayo mawili ukiwa karibu 1.8 DNA huhesabiwa kuwa safi. Kwa mguu wa mbu tarakimu hizi huwa ndogo mno kiasi cha kutoaminika, na mafundi wengi huruka hatua hii wakaenda moja kwa moja kwenye PCR.

PCR ni njia ya kunakili kipande kimoja tu cha DNA mara nyingi mno, iliyobuniwa na Kary Mullis mwaka 1983 na kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1993. Ndani ya kijichupa huwekwa DNA, herufi huru za kujengea (vijenzi vya DNA viitwavyo A, C, G na T), vianzio viwili ambavyo ni vipande vifupi vilivyotengenezwa ili vishike mwanzo na mwisho wa sehemu inayotakiwa, na kimeng'enya cha kunakili. Joto hupandishwa hadi karibu nyuzi 95 ili nyuzi mbili za DNA ziachane, hushushwa ili vianzio vinate, kisha hupandishwa hadi 72 ili nakala ijengwe. Kila duru idadi inaweza kuongezeka maradufu, na baada ya duru 30 kipande kimoja kinaweza kuwa zaidi ya bilioni moja. Angalia kwamba kipimo cha asidi nukleiki kinaendeshwa na kimeng'enya. Protini ya kawaida ingepikwa kama yai kwenye nyuzi 95, kwa hiyo hutumika ile iliyotoka kwa bakteria Thermus aquaticus, waliopatikana kwenye chemchemi za moto za Yellowstone, Marekani. Aliyewahi kuona wageni wakichemsha mayai kwenye chemchemi za Bogoria, kaskazini mwa Nakuru, ataelewa upesi ni kiumbe wa namna gani anayeweza kuishi kwenye maji kama hayo.

Swali la kwanza analoulizwa mguu wa mbu ni la aina yake. Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis hawatofautishwi kwa macho, hata chini ya darubini, lakini tabia zao zimeachana: mmoja hupenda damu ya watu ndani ya nyumba, mwingine huridhika na ng'ombe na hupenda kukaa nje. Vianzio vilivyotangazwa mwaka 1993 hutoa kipande cha herufi 390 kwa gambiae na cha herufi 315 kwa arabiensis. Vipande hivyo husukumwa na umeme ndani ya jeli ya agarosi. DNA ina chaji hasi, hivyo hukimbilia upande chanya, na kipande kifupi hupenya upesi kuliko kirefu. Baada ya muda jeli hutazamwa chini ya mwanga wa urujuanimno, na mistari inayong'aa hulinganishwa na ngazi ya vipande vyenye urefu unaojulikana.

Swali la pili ni la kitasa. Mwaka 2000 Hilary Ranson na wenzake walieleza badiliko katika jeni ya mlango wa sodiamu la mbu kutoka Kenya ya magharibi: mahali pa 1014, herufi TTA zimekuwa TCA, na kwa herufi hiyo moja asidi amino iitwayo lusini imekuwa serini. Badiliko hilo likaitwa kdr (kifupi cha Kiingereza cha usugu wa kutoangushwa na dawa) ya mashariki, ili litofautishwe na lile lililokuwa limeonekana Afrika Magharibi, ambapo lusini hugeuka fenilalanini. Kuligundua huhitaji kianzio ambacho mwisho wake hunata tu ikiwa herufi ni C, na kingine kinachonata tu ikiwa ni T. Mbu hurithi nakala mbili, moja kwa baba na moja kwa mama, kwa hiyo majibu yanayowezekana ni matatu: nakala zote za zamani, zote mpya, au mojamoja. Hakuna kadiri hapa, hakuna mchoro unaojipinda, wala haijalishi kama feni imezima.

Lakini PCR ina ugonjwa wake, nao ni ulafi. Kwa kuwa hunakili hata kipande kimoja, itanakili pia kile kilichorushwa na pipeti ya jana. Kila sahani lazima iwe na kijichupa kimoja chenye maji matupu mahali pa DNA. Maji yakionyesha mstari kwenye jeli, majibu yote ya siku hiyo hutupwa, na hakuna mjadala. Lazima pia awepo mbu wa ukoo wa Kisumu, ambaye jibu lake linajulikana, ili tuone kwamba mstari usipotokea ni kwa sababu haupo, si kwa sababu kemikali zimeharibika.

Kati ya maswali haya mawili kuna daraja, nalo ni kupima RNA. Jeni ya P450 inaweza kuwa ileile kwa mbu dhaifu na mbu sugu, tofauti ikawa ni mara ngapi inasomwa. RNA hugeuzwa kwanza kuwa DNA kwa kimeng'enya kilichogunduliwa mwaka 1970 na Howard Temin na David Baltimore, kila mmoja kwa upande wake, kisha hunakiliwa katika PCR inayotoa mwangaza kadiri nakala zinavyoongezeka. Mbu mwenye nakala nyingi mwanzoni huvuka kizingiti mapema. Tofauti ya duru 3.3 ni kama mara kumi. Daraja hili hufika karibu na kazi ya kimeng'enya, lakini halifiki ng'ambo. Oda nyingi za unga si unga mwingi.

Ili kuvuka kabisa, watafiti hurudi kwa mbu aliye hai. Mbu huwekwa kwanza kwa saa moja kwenye karatasi yenye asilimia 4 ya piperonili butoksidi, ambayo kwa kipimo hicho haiui ila huwazuia walinzi wa P450 wasifanye kazi, kisha huwekwa kwenye dawa kama kawaida. Idadi ya wanaokufa ikipanda sana, walinzi wameshtakiwa na ushahidi upo. Ikipanda nusunusu, kuna kitu kingine, na mguu uliohifadhiwa kwenye silika unaweza kueleza kama ni kitasa. Kemikali hii ndiyo iliyotiwa kwenye neti ambazo Shirika la Afya Duniani lilianza kuzipendekeza kwa masharti mwaka 2017 kwa maeneo yenye usugu wa piretroidi: kizuizi cha kimeng'enya kilichofumwa ndani ya chandarua.

Kwa hiyo fundi mwangalifu humgawa mbu mzawa wa maabara kabla ya kumponda: mguu kwenye kijichupa kikavu, mwili kwenye sahani juu ya barafu, na namba moja kwa vyote viwili. Siku ya kusoma, jedwali lake lina safu ya aina ya mbu, safu ya herufi ya mahali pa 1014, safu za esterasi, transferasi na hemu. Mara nyingi safu hizo hazikubaliani. Atapatikana arabiensis asiye na kdr hata nakala moja, ambaye kisima chake kina buluu mara tatu ya wengine. Na gambiae mwenye nakala zote mbili mpya ambaye walinzi wake ni wa kawaida kabisa. Fundi haandiki neno sugu wala neno dhaifu mpaka amepeleka macho kwenye pembe ya sahani, kwenye visima vya mbu wa ukoo wa Kisumu, aone kama rangi yake bado ni hafifu.